Shamba la Nabothi Lilichukuliwa kwa Barua

Mgogoro wa ardhi ukifika kanisani, majibu yanayotolewa ni yaleyale, iwe ni Tukuyu, Moshi au Eldoret. Yanakuja na sura na aya, na mara nyingi wanaoyatoa ni watu wema: mzee wa kanisa, mwinjilisti, shemeji anayeheshimika kwenye kikao cha ukoo. Nayapinga hapa moja baada ya jingine, kwa kuwa naamini Biblia haimpi mwenye nguvu hata mstari mmoja wa kujifichia anapochukua ardhi ya asiye na nguvu, awe mfalme, ukoo, kabila au kanisa lenyewe.

"Makao yetu ni mbinguni. Mambo ya mashamba ni ya dunia hii."

Anayesema hivi huegemea Wafilipi 3:20. Tuanze na walioandikiwa. Filipi lilikuwa koloni la Warumi. Baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo, askari wastaafu walimilikishwa mashamba pale, na uraia wa Roma ukawa fahari ya mji. Paulo alipowaambia Wakristo wa mji huo kwamba uraia wao uko mbinguni, aliigusa fahari ya wale waliojiona bora kwa sababu ya uraia wa Kaisari. Kumwambia mkulima aliyepokonywa shamba kwamba shamba si kitu ni habari nyingine, na haimo katika barua ile.

Kisha soma Yeremia 32. Yerusalemu umezingirwa na Wababeli, nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi, na yeye mwenyewe ndiye aliyetabiri kwamba mji utaanguka. Anakuja Hanameli, mtoto wa ami yake, anamtaka anunue shamba la Anathothi. Mtu wa mbinguni angesema ardhi ya nini wakati huu. Yeremia anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Anaandika hati nakala mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, mashahidi wanatia sahihi, na Baruku anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zisiharibike kwa siku nyingi. Yeyote aliyewahi kukaa ofisi ya kijiji akisubiri wino wa dole gumba ukauke anaijua shughuli hiyo. Na imo ndani ya Neno la Mungu, na kiasi cha fedha kimetajwa.

Naongeza moja tu. Maneno ya makao ya mbinguni huambiwa aliyenyang'anywa. Sijasikia yakihubiriwa kwa mnunuzi.

"Serikali imewekwa na Mungu. Ikisema hameni, hameni."

Hili ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Warumi 13 kweli inataka tutii mamlaka na kulipa kodi, na mimi nakubali. Lakini sura hiyohiyo inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu. Mtumishi ana bwana wake, na akidhulumu kwa jina la bwana, dhuluma haigeuki kuwa ibada. Paulo huyohuyo, alipoona haki yake inataka kuuzwa kule Kaisaria ili kuwapendeza wakubwa, alikata rufaa kwa Kaisari. Imeandikwa katika Matendo 25. Aliyetufundisha utii hakuona kosa kupeleka shauri ngazi ya juu.

Halafu kuna Nabothi, katika 1 Wafalme 21. Tunaikumbuka hadithi ile kama habari ya mfalme mwovu, na kwa kuikumbuka hivyo tunapitwa na sehemu inayotuhusu. Ahabu hakuanza vibaya. Alitoa fidia: shamba bora zaidi la mizabibu, au thamani yake kwa fedha. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli naye hakutuma jeshi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazituma kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi mwenyewe. Mfungo ukatangazwa. Kikao kikaitwa. Mashahidi wakapatikana wawili, idadi ileile inayotakiwa na torati, nao wakasema Nabothi amemlaani Mungu na mfalme. Akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe, na taarifa ya utekelezaji ikarudi kwa malkia.

Kila hatua ilikuwa na utaratibu wake. Wazee wa Yezreeli, majirani wa marehemu, walitii mamlaka neno kwa neno. Kama Warumi 13 maana yake ni ile tunayoambiwa, basi wazee wale walikuwa raia wa mfano. Lakini Mungu alimtuma Eliya aende moja kwa moja shambani, amkute Ahabu ameshuka kulimiliki, amuulize kama ameua na kurithi pia. Nabii hakuuliza kama barua zilikuwa na muhuri.

Tanganyika tulikuwa na shamba la Nabothi letu. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa taarifa iliyopendekeza ardhi ya kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya, ili walowezi wa Kizungu wapate eneo moja lisilokatika kwa ajili ya mifugo. Ngare Nanyuki ilikuwa ndani ya eneo hilo, na Wameru walikuwa wanaishi humo. Novemba 1951 askari walikwenda kuwaondoa. Watu wapatao 3,000 walihamishwa, nyumba zikachomwa, wakaelekezwa King'ori, kwenye joto na maradhi ya mifugo. Tume ilikuwepo, ramani zilikuwepo, amri ilikuwa imeandikwa na kusainiwa. Miongoni mwa waliohamishwa walikuwemo Walutheri waliobatizwa, na waliotoa amri walikuwa wametoka nchi ya Kikristo.

Wameru wakafanya alichofanya Paulo. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, basi wakapeleka rufaa huko. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York akiwa na wakili wao, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, akasimama mbele ya mataifa kuelezea shamba. Katika Baraza Kuu azimio lililowaunga mkono halikufikisha theluthi mbili ya kura zilizotakiwa. Wameru hawakurudishiwa ardhi mwaka ule. Lakini watu wa Tanganyika walijifunza kwamba amri ya mkubwa ina mahali pa kuulizwa, na chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 somo hilo lilikuwa limekwisha kuenea. Leo Kirilo tunamheshimu kama shujaa. Sijui muumini gani atasimama aseme alikosea kwa kutokuhama kimyakimya.

Wala dhambi hii haina rangi ya ngozi. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, serikali yetu wenyewe, ikiwa na nia ninayoiheshimu ya kupeleka shule, maji na zahanati, ilihamisha mamilioni ya watu, na mahali pengine nguvu ilitumika na nyumba zilichomwa. Nia njema haikumrudishia mtu migomba yake.

Kwa leo jambo ni jepesi zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Muumini anayesimama mkutanoni akataka jedwali la uthamini lisomwe hadharani, jina kwa jina, mti kwa mti, anaitii serikali kwa sheria iliyotungwa na serikali. Mchungaji asimwambie akae chini.

"Mungu aliweka mipaka ya mataifa. Hapa ni kwetu, wao warudi kwao."

Aya inayotumika ni Matendo 17:26, na wanaoitumia huanzia katikati. Paulo, akiwa Athene, alianza kwa kusema Mungu aliwafanya watu wa mataifa yote kutoka kwa mmoja, na mipaka anayoitaja ina kusudi: watu wamtafute Mungu. Hakuna amri ya kumfukuza mtu ndani yake.

Agano la Kale ndilo linalowashangaza wengi. Katika Kumbukumbu la Torati 2, Israeli wanakatazwa kuigusa nchi ya wana wa Esau, ya Moabu na ya Amoni, kwa sababu Mungu yuleyule ndiye aliyewapa wao pia. Na sura hiyo inatusimulia kwamba hata hao walikuta wengine pale kabla yao. Katika Biblia hakuna taifa lililoota katika nchi yake kama jani, wote walifika. Ibrahimu, aliyeahidiwa nchi nzima, alipofiwa na Sara alisimama mbele ya Wahiti akajiita mgeni na msafiri, akanunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, bei aliyotajiwa, bila kumwambia Efroni kwamba nchi ni yake kwa ahadi. Katika Walawi 25:23 Mungu anawaambia Israeli wenyewe kwamba ardhi ni yake na wao ni wageni kwake. Na Ezekieli 47 inapoigawa nchi upya, wageni waliozaa watoto kati ya Israeli wanapewa urithi katika kabila wanamoishi, kama wenyeji.

Makaburu waliofika pande za Meru mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamelelewa na usomaji unaowafanya wao kuwa Israeli, na wenye nchi kuwa Wakanaani. Sisi tuliukataa usomaji huo ulipotumika dhidi yetu. Haufai zaidi tukiutumia sisi dhidi ya jirani.

Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Kenya Assemblies of God lilichomwa moto watu wakiwa wamekimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Ghasia zilikuwa za uchaguzi, lakini chini yake kulikuwa na ardhi: nani ni mwenyeji wa Bonde la Ufa na nani alikuja. Dhuluma ya kihistoria katika bonde lile ni ya kweli. Wakoloni walichukua ardhi za watu, na baada ya uhuru nyingi zikapita mikononi mwa wengine badala ya kurudi kwa waliopokonywa. Shauri hilo lina haki ya kusikilizwa na tume, mahakama na bunge, na kanisa linapaswa kulisukuma bila kuchoka. Lakini gavana wa kikoloni hakuwemo ndani ya kanisa la Kiambaa. Waliokuwemo ni mama na mtoto aliyezaliwa palepale, na kwa Ezekieli mtoto huyo ana urithi.

"Kwa Biblia shamba ni la wanaume. Binti ataolewa."

Mabinti wa Selofehadi walikuwa watano: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Katika Hesabu 27 walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu hakuwa na mwana. Musa hakuwa na jibu. Alipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema wamesema sawa, wapewe. Sheria ya mirathi ikaandikwa kutokana na madai ya wanawake waliosimama hadharani, na wazee waliokuwepo wakasikia.

Wapo watakaokimbilia Hesabu 36, ambako wazee wa kabila walirudi kulalamika, na mabinti wakaambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Aya ipo, siifichi. Lakini tazama wazee hao walichoshindwa kupata: shamba halikurudi kwao. Katika Yoshua 17 mabinti wanadai tena walichoahidiwa, na wanapewa. Ayubu naye, katika sura ya mwisho ya kitabu chake, anawapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao wa kiume.

Kuna habari nyingine ambayo haihubiriwi vya kutosha, 2 Wafalme 8. Mwanamke Mshunami anarudi baada ya miaka saba ya njaa ughaibuni, anakuta nyumba na shamba lake vimeshikwa, anakwenda kumlilia mfalme. Mfalme anamteua afisa na kumwagiza amrudishie vyote, pamoja na mazao yote ya shamba tangu siku aliyoiacha nchi. Mazao pia! Ningependa aya hiyo isomwe mbele ya kila msimamizi wa mirathi ambaye amekata ndizi na kuuza kahawa ya mjane kwa misimu kadhaa huku akisema mambo yanashughulikiwa.

Sheria za Tanzania zimetembea, kwa kuchechemea. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kama mwanamume anavyoweza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali Na. 436, zinamweka mwanamke nyuma, na wajane wawili kutoka Shinyanga waliofukuzwa na wakwe walizunguka mahakamani kwa miaka hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua, mwaka 2015, kwamba haki zao zilikiukwa.

Lakini kabla ya mahakama kuna kikao cha ukoo, na hapo ndipo kanisa linapokuwepo kwa mwili. Msiba umekwisha, tanga limeanuliwa, wanaume wako kwenye viti na mjane yuko kwenye mkeka na wanawe. Mzee wa kanisa anafungua kwa sala. Majina yanapendekezwa, kaka wa marehemu anachaguliwa kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa kwenye karatasi ya daftari, watu wanapanga foleni kutia saini. Muhtasari huo ndio utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane anasaini kwa sababu kila mtu anamtazama, na mzee wa kanisa, aliyeomba Mungu awaongoze, anasaini chini yake. Baada ya miezi michache masale ya mpakani yanakutwa yamehama hatua mbili. Mithali 23 inaonya dhidi ya kuondoa alama ya mpaka na kuingia mashamba ya yatima, kwa kuwa Mkombozi wao ana nguvu. Mzee yule aliyesaini alikuwa na nafasi ya kuisoma aya hiyo kwa sauti kabla kalamu haijamfikia, na asome pia Hesabu 27 kikao kinapofunguliwa.

"Yubile haikuwahi kutekelezwa. Ni ndoto."

Tuseme sheria hiyo ya Walawi 25, ya ardhi kumrudia mwenyewe kila mwaka wa 50, haikutekelezwa. Sheria ya Mungu kuvunjwa hakuifuti, la sivyo hata uzinzi ungekuwa halali. Na nchi yetu kwa kiasi fulani tayari inaishi kwa wazo la Walawi 25. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, na hati ya kumilikishwa na Serikali hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, si ya milele. Nyerere, Mkatoliki aliyesali kila siku, alilitetea jambo hilo mwaka 1958 katika kijitabu cha "Mali ya Taifa", wakati serikali ya kikoloni ilipotaka ardhi iwe bidhaa ya kumilikiwa moja kwa moja. Kinachokosekana ni nusu ya pili ya Yubile, ile ya kumrudishia aliyeanguka. Hiyo haihitaji mwaka wa 50.

"Kanisa lina hati halali tangu enzi za Wajerumani. Hakuna la kujadili."

Ardhi ya misheni katika pwani yetu ilianza kwa heshima. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na wamisionari Waanglikana wa UMCA wakanunua shamba la Mbweni, Unguja, mwaka 1871. Karibu na Mombasa, Waanglikana wengine, wa CMS, walianzisha Frere Town mwaka 1875. Mahali pote patatu ardhi ilikuwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, watu wasio na ukoo wala shamba la kurudia. Misheni ilikuwa na hati kwa niaba yao. Hilo ndilo kusudi lililoandikwa mioyoni mwa waliochanga fedha, na hati haiwezi kulishinda.

Kwingine mwanzo ulikuwa mchungu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Tunawaheshimu, na tunatunza makaburi yao. Jeshi la Kijerumani lilikuja kulipiza kisasi, likaua na kuchukua ng'ombe, na miaka iliyofuata ardhi nzuri ya kuuzunguka mlima ikagawiwa walowezi. Kanisa lilirudi na kujengwa Nkoaranga baada ya kisasi hicho. Siwalaumu waliojenga, walifundisha, walitibu, na watu wa Meru wenyewe walilipokea kanisa wakalifanya lao. Lakini anayesema hati ya enzi za Wajerumani inamaliza mazungumzo hajui alichoshika mkononi, na Isaya 5 ina ole kwa wanaounganisha shamba na shamba hata pasibaki nafasi. Ole hiyo haikutoa msamaha kwa taasisi.

Nehemia aliwaita wakuu wa Wayuda waliokuwa wameshika mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba za ndugu zao maskini, akawataka wavirudishe siku ileile. Wakakubali. Yeye hakuridhika na neno lao. Aliwaita makuhani, akawaapisha mbele yao, kama ilivyoandikwa katika Nehemia 5. Makuhani waliletwa wawe mashahidi wa kurudishwa kwa ardhi. Halmashauri ya usharika au parokia yenye shamba la misheni inaweza kukaa mwezi huu na kuorodhesha kila kaya inayolima au kuishi humo, ikaiandikia mkataba wenye miaka, mipaka na saini, kabla hajaja mwekezaji na bei nzuri.